Ndugu ya Libuyu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe, jiwe la kunolea na kipande cha mbao kikubwa kama kiberiti, nikaambiwa nikate ngozi nyembamba ya ile mbao hadi nione mwanga wa dirisha ukipita ndani yake. Hakuna aliyenionyesha namna. Nilikata asubuhi yote. Nilipata vumbi, vipande vya kuwashia mbabula, lile jiko la makaa, na damu. Saa sita Papa Gastoni akaja, akatazama meza, akasema damu nayo ni nzuri ila haimo katika kazi yetu, akanituma nikanunue plasta.

Naandika haya kwa ajili yenu mulioachwa katika ile biro, ofisi yetu ndogo ya kutambua mbao, hapa Bunia, ambao munaona haya kuniuliza mambo juu ya kuwa nimeingia pansioni na munafikiri napumzika. Sipumziki. Niko nyumbani kwangu, mtaa wa Bigo, nagombana na kuku wa jirani. Vyeo sitaviandika, na mshahara munaujua wenyewe. Mukitaka kucheka tafuteni kitu kingine. Nitaandika juu ya mti mmoja. Jina lake la Kilatini sitaliweka hapa, wala jina la milima ulipokuwa unaota, juu wachoma makala ya kupikia nao wanajua kusoma. Kazini tuliuita ndugu ya libuyu, na sababu mutaiona.

Papa Gastoni njo alikuwa anashika kazi ya mbao kabla yangu. Mtu mfupi, kofia ya sufi kichwani hata wakati wa jua kali, na tabia moja iliyonishtua: alikuwa analamba mbao. Anakata kichwa cha ubao kwa wembe, mkato mmoja, laini kama sabuni mpya, analamba, halafu anaweka lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, jichoni. Nilifikiri ni uzee. Kumbe mate yanafanya kazi. Mbao kavu inaficha sura yake, na iliyolowa inaionyesha. Maji pia yanafaa, aliniambia, lakini maji lazima uyatafute, mate unatembea nayo. Tena ulimi unajua mambo ambayo jicho halijui.

Kwa wale mulioingia juzi juzi, kazi yenyewe ni hii. Mti ukiwa hai unakunywa maji kupitia mifereji midogo sana. Ukikata kichwa cha mbao, ile mifereji unaiona kama matundu, na kila aina ya mti inapanga matundu yake kivyake. Majani yanaanguka, ganda linabanduliwa, mfanyabiashara anaupa ubao jina analotaka. Matundu yanabaki vile yalivyo. Kwa hiyo siye watu wa lupu tunaitwa pale ambapo mti umekwisha kuwa kitanda, na kila mtu aliyeujua ukiwa mti amekwisha kwenda zake.

Libuyu kila mtu anaijua. Mlango wa padri ni libuyu, kabati ya mama arusi ni libuyu. Ndugu yake ana wekundu ule ule, uzito ule ule, na ukipiga randa harufu inakaribiana. Wauzaji walikuwa wanazichanganya tu, na wengi bila hila yoyote, hawakujua. Lakini weka lupu. Libuyu ina matundu makubwa yenye utomvu mweusi ndani. Ndugu yake ana matundu madogo, mawili mawili, kama watoto wa shule wameshikana mikono kwenda misa, na kati yao unapita utepe mweupe mwembamba. Uso wa ubao uliopigwa randa vizuri una mawimbi madogo madogo, ukitazama kwa upande wa mwanga. Na ukilamba: libuyu ni chungu. Ndugu yake si chungu. Papa Gastoni alinilambisha zote mbili wiki yangu ya kwanza, na kwa siku nzima sikusikia ladha ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Huu mti unaota katika milima yetu ya Ituri tu. Si Kisangani, si Uganda, si mahali pengine popote duniani. Nilipoanza kazi bado ulikuwepo kidogo, kwenye mabonde ambako gari haifiki. Papa Gastoni alikwenda kwa miguu akaleta vipande vyake, akavipiga randa, akavipanga juu ya etajere, rafu ya biro, pamoja na mbao nyingine zote. Ilikuwa etajere nzuri. Wageni walipenda kuipiga picha. Mwishoni kabisa, upande wa ukuta, kulikuwa na kipande kimoja kibaya cha mti huu huu: tawi lenye unene wa mkono wa mtu, limekatwa vibaya, ganda lake juu yake, kiini chake katikati. Nilimuuliza Papa Gastoni kama lile ni la kuni.

Akaniambia, "Hizi mbao zote za muzuri zinaonyesha mti muzee. Siku wataleta mti mutoto hapa, utafananisha na nini?"

Nikaitika ndiyo Papa, na rohoni nikasema huyu muzee anapenda takataka.

Kisha vita ikafika mjini. Munajua au wazazi wenu wanajua, sitairudia. Tuliporudi bironi hapakuwa na meza, mikroskopi, vioo vya dirisha wala etajere. Zile mbao nzuri zilipikiwa. Uani tulikuta mafiga matatu na majivu, na ndani ya majivu pembe moja ya kipande kilichoandikwa namba kwa mkono wa Papa Gastoni. Walikuwa wamebeba hata mlango. Kabari ya mlango waliiacha. Ilikuwa imelala pale kizingitini, na nilipoiokota nikaona ni lile tawi baya, limechongwa upande mmoja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Walichukua mlango wakaacha kabari. Papa Gastoni hakucheka. Aliichukua mkononi mwangu, akaipangusa, akairudisha pale chini kizingitini, akaniambia tutafute mlango kwanza.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi zaidi kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, kuliko bironi. Malori ya mbao yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Irumu na kwenda zao mpakani, na mimi nilikuwa napanda juu ya mzigo na wembe wangu na lupu yangu imefungwa kamba shingoni. Hapo njo nilipata jina la Mama Lupu, na watoto wangu wenyewe sasa wananiita hivyo. Kuna mfanyabiashara mmoja alipaka vichwa vyote vya mbao zake mafuta machafu ya injini. Alisema ni dawa ya wadudu. Nilikata kina cha kidole kimoja, kupita mafuta, kila ubao, jua linawaka, na yeye amekaa kivulini akiniuliza kama sina watoto wa kupikia. Nilimwambia ninao, na wamekwisha kujipikia. Chini ya libuyu kulikuwa na ndugu yake, lori nusu. Nilikasirika siku ile kuliko siku zote. Nilijua kwamba mimi nahesabu maiti tu. Kusimamisha lori si kupanda mti.

Mara ya mwisho kuuona ule mti, niliuona kwenye matanga. Jirani yetu alifariki, kijana wa watu, na fundi alikuwa ametengeneza sanduku bila kulipaka rangi juu hapakuwa na wakati. Niliinama kumuaga marehemu, jicho langu likaangukia pembe ya kifuniko, na mwanga wa mlangoni ukaja kwa upande. Yale mawimbi. Nililia kwa sauti. Wamama wakanishika, wakasema Mama Lupu ana moyo. Nilikuwa nalia juu ya kijana, na nilikuwa nalia juu ya kifuniko, na mpaka leo sijui machozi gani yalikuwa mengi.

Baada ya pale, hakuna. Tulituma watu milimani kila wakati barabara iliporuhusu. Walirudi na picha za visiki. Papa Gastoni alizeeka, macho yake yakaingia ukungu, akabaki kwake Bigo, barabara mbili kutoka kwangu. Kila mwaka mpya nilikwenda kumsalimia, na kila mwaka aliuliza swali moja kuhusu kazi: "Ndugu ya libuyu?" Na mimi nilijibu, bado tunatafuta, Papa. Mwaka wangu wa mwisho kazini shefu aliniomba niandike kwamba mti huu hauonekani tena. Mtu mwenye lupu njo anapaswa kusema. Nilikuwa nakawia. Kila Jumatatu nilisema nitaandika Ijumaa.

Sasa Mama Feliste. Mutamsikia akitajwa, kwa hiyo mumjue. Ni mkulima wa Bule, mjane. Walipokimbia, mume wake hakufika Bunia. Alizikwa njiani, na yeye akafika na watoto kwa ndugu zake, katika parseli, yaani kiwanja, karibu na yangu. Alikuwa anauza sombe iliyotwangwa, na sombe yake haikuwa na vijiti kama ya wengine. Nyuma ya ile nyumba alijijengea jiko lake, na jiko akalizungushia lupango, yaani nguzo fupi zimesimamishwa karibu karibu, zimeota majani. Hakuna cha ajabu. Nusu ya Bunia ina lupango wa miti iliyoota.

Jumamosi moja nilikwenda kununua sombe nikamkuta anakata vichwa vya zile nguzo kwa panga, zote usawa wa kifua. Matawi yalianguka miguuni pangu. Mtu wa kazi yetu hawezi kuacha tawi likapita hivi hivi. Niliokota moja, nikatoa wembe, nikakata, nikalamba, nikaweka lupu, huku naongea naye habari za bei ya mihogo. Matundu yalikuwa madogo sana, yametawanyika ovyo, hakuna utepe, hakuna kitu, wala uchungu ulimini. Lakini kiini cha katikati kilikuwa na pembe tano, safi, kama nyota, na kila pembe ina kidoti chekundu. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijaona kiini kile. Niliomba matawi, akanipa mzigo mzima, akafikiri nina mbuzi.

Dieudo munamjua, yeye njo anashika mikroskopi sasa, na mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Alikata, akatia rangi, akatazama siku mbili. Akafananisha na picha zote tulizo nazo za ndugu ya libuyu, na za miti mingine mingi. Akaniambia kwa heshima kwamba hapana. Hakuna utepe mweupe. Matundu hayaendi mawili mawili. Alikuwa na haki, na ningekuwa mimi ningesema vile vile. Picha zote zilitoka kwenye shina la mti mzee, na mti mtoto una mbao ya kitoto, haijajifunza bado kupanga matundu yake. Nilikuwa natoka nje nimekata tamaa, nikajikwaa kwenye kabari ya mlango.

Sikuikata palepale. Ilikuwa ndiyo pekee iliyobaki duniani, kwa mimi ninavyojua, na haikuwa yangu. Niliifunga ndani ya kitenge nikaenda kwa Papa Gastoni. Nilimwekea mapajani, nikamweleza yote, tawi, pembe tano, Dieudo. Aliishika akapitisha kidole kwenye upande uliochongwa. Nikamuomba ruhusa niikate.

"Kata," akasema. "Mimi njo niliichonga, ile asubuhi ya kukimbia. Mwizi anaangaliaka juu ya etajere, haangaliake chini ya mulango. Weye miaka yote ulizania nini? Iko ya mulango?"

Miaka yote nilizania ni ya mlango.

Tuliikata bironi, Dieudo na mimi, baada ya kuichemsha nusu siku ili ilainike. Katikati: nyota. Pembe tano, vidoti vyekundu. Dieudo akaweka kipande cha kabari na kipande cha tawi la jikoni pamoja chini ya mikroskopi, akatazama, akanipa nafasi nitazame, akatazama tena. Halafu akatoka nje akasimama uani peke yake. Mti ule ambao tuliutafuta milimani kwa buti na ruhusa za jeshi ulikuwa umezunguka sufuria ya sombe, hapa Bigo, usawa wa kifua.

Nilirudi kwa Mama Feliste. Nilimuuliza nguzo zimetoka wapi, akanieleza jambo ambalo kwao si siri hata kidogo, ila hakuna mwanamume wa kazi yetu aliyewahi kuuliza habari za jikoni. Katika ukoo wa mama yake, binti akiolewa, mama anang'oa nguzo moja kwenye lupango wa jiko lake anampa. Binti anaisimamisha kwenye jiko lake jipya, inaota, anakata vipande, anamaliza lupango wake. Yeye alipewa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Wanauita mti wa jiko, basi. Hawajui kama kuna aliyewahi kuuona mrefu. Siku ya kukimbia Bule, watu walibeba magodoro na masufuria, na yeye alibeba pia nguzo kadhaa zimefungwa pamoja na majembe. Njiani watu walimcheka, wakasema huyu anakimbia na kuni.

Basi nikamuomba. Nilieleza vizuri: mti ukikatwa kila wiki usawa wa kifua hautoi ua, hautoi mbegu, hauwi mzee. Ninaomba aache mmoja tu ukue juu. Alikuwa anachambua majani ya muhogo. Aliweka mikono chini.

"Mama Lupu, ile siwezi. Kwetu, lupango ya jiko ikipanda juu, watu wanapita wanasema mama ya hii jiko alikufa. Na mti ikisha kuwa mukubwa, nani ataing'oa aibebe Bule? Weye unaniomba niseme sitarudi."

Mimi nilikuja na nyota yangu ya pembe tano, na yeye alikuwa na nyumba yake yote ndani ya zile nguzo. Alikuwa hajapanda kitu chochote cha kudumu hapa Bunia, hata mgomba. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kinaweza kubebwa mgongoni. Nilinunua sombe ambayo sikuihitaji, nikaenda zangu.

Siku kadhaa zilipita hajapiga hodi kwangu, nikafikiri nimepoteza jirani. Kisha asubuhi moja kabla ya kazi alikuja. Hakukaa. Macho yake yalikuwa mekundu, naona hakulala. Alisema amefikiri. Hapa anakata, sawa. Na Bule je? Ule lupango alioacha kule, tangu siku ya kukimbia, nani anaukata?

"Hakuna," nikasema, na nilikuwa nimeelewa kabla hajamaliza.

"Itakuwa imepanda juu sana," akasema. "Miaka yote hii watu wanapita mbele ya jiko yangu wanasema nilikufa. Mimi nitaenda kuikata."

Muelewe nilivyosimama pale. Kule Bule, kwenye jiko la mtu aliyekimbia, ndugu ya libuyu alikuwa ameota mzima, labda na maua, labda na mbegu, bila mtu wa kumsumbua. Na mwenyewe alikuwa anakwenda na panga. Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka kumwambia aache hata mmoja. Nilijizuia, juu nilikuwa nimekwisha kumuomba mara moja, na mtu huwezi kumuomba mara mbili abaki amekufa. Nilimuomba tu kwamba kabla ya kukata achume maua kama yapo, na mbegu, na aniletee mkate wa shina, yaani kipande cha mviringo, mnene kama kiganja.

Ilibidi kungoja. Barabara ilikuwa mbaya, kisha ikatulia, na wamama wa Bule wakaanza kwenda kwa vikundi kutazama mashamba. Mimi niliomba kwenda nao. Bironi wakakataa, usalama, na walikuwa na haki. Nilimpa Mama Feliste mfuko wa turubai, magazeti ya kukaushia majani, na msumeno mdogo wa biro ambao mutakuwa mulishaukosa kabatini. Akaondoka. Mimi nilibaki nakata kucha kwa meno. Mume wangu aliniambia kwamba hata alipokuwa hospitalini sikumngojea hivi.

Alirudi siku ya soko, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mfuko umejaa. Alikaa kwenye kiti changu, akaomba maji, akanywa, akaomba mengine. Akaeleza kwamba nyumba haina bati. Kisima ni kizima. Lupango ulikuwa mrefu kupita pale ambapo paa lilikuwa, na ndege wengi ndani. Alifungua mfuko. Maua madogo ya manjano, yamekauka ndani ya gazeti. Maganda ya mbegu, mekundu, yanalia ukiyatikisa. Na mkate wa shina, umekatwa sawasawa kuliko mimi ningekata.

Nilimuuliza kama amekata zote. Niliuliza taratibu, nikitazama maua.

"Nimekata," akasema. "Zote, hapa kifuani. Watu walitoka kwenye manyumba wakaja kuangalia, wengine wakalia. Banajua sasa niko, sikukufa. Ila ile ya kona nimeiacha. Mu ile nyumba kuko mwenye alikufa kweli. Iko ya baba ya batoto."

Nililia kama kwenye matanga yale, na yeye akalia, na mume wangu akatoka nje kwenda kufukuza kuku ambao hawakuwepo.

Usiku ule sikugusa kitu. Asubuhi nilikaa mlangoni kwenye mwanga, nikanoa wembe kwa jiwe lile lile la siku ya kwanza, nikakata kichwa cha ule mkate. Matundu madogo, mawili mawili. Utepe mweupe. Upande wa shina nikapiga randa kidogo, nikageuza kwenye jua, na mawimbi yakaja. Karibu na kiini, mbao ya kitoto ilikuwa ovyo kama ya Bigo; kadiri unavyotoka nje, ndivyo ilivyokuwa inajipanga, mpaka kwenye ganda ni mti mzima. Miaka yote ya kukimbia ya Mama Feliste ilikuwa mule, na mti ulikuwa umeitumia kukua.

Nilikwenda kwa Papa Gastoni. Sikumwambia kitu, nilimwekea kile kipande mkononi. Alipitisha kidole, akainua, akaweka ulimi. Alikaa hivyo muda mrefu, ulimi nje, kama mtoto anayengoja dawa.

"Si chungu," akasema.

Mwaka mpya uliofuata hakuuliza swali lake. Aliniuliza kama miche inamwagiliwa.

Inamwagiliwa. Munaijua, ni ile ndani ya mifuko myeusi nyuma ya biro, na Dieudo anaigombania na mbuzi za mlinzi. Ule waraka wa kusema mti hauonekani tena haukuandikwa. Mama Feliste anatutafutia mabinti wote wa ukoo wake waliopewa nguzo. Mmoja yuko Irumu, wengine wametawanyika, na kila mmoja ana lupango. Nendeni kwao, na mukifika ulizeni kwanza habari za jikoni. Na katika etajere yenu, karibu na mbao nzuri, wekeni tawi baya lenye ganda na kiini. Kabari nimeirudisha chini ya mlango, imepungua kidogo tu.

Yeye amekwisha kurudi Bule na watoto, tangu mvua zilizopita, na nyumba imepata bati. Siku ya kuondoka aling'oa nguzo zake zote za Bigo, moja akanipa mimi, kama vile ningekuwa binti yake, ingawa namzidi umri. Imeota. Naikata kila Jumamosi, usawa wa kifua, juu mimi niko.

Siku mutapita Bule kwa kazi, mukaona jiko lenye lupango uliokatwa vizuri na mti mmoja mrefu kwenye kona, wenye maua ya manjano, wekeni wembe mfukoni. Pigeni hodi. Kuna mama nyumbani.